Ukuta Mrefu Hautoshi: Namna Tathmini ya Vihatarishi Inavyolinda Makazi ya Familia Zenye Ukwasi Mkubwa

Na Mwandishi Wetu

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na makazi yake. Ibara ya 24 inampa haki ya kumiliki mali na kupata hifadhi ya mali hiyo kwa mujibu wa sheria. Haki hizo hazimbagui tajiri wala maskini. Hata hivyo, hatari zinazoikabili nyumba ya familia yenye ukwasi mkubwa zina sura yake, kwa kuwa jina la familia hiyo linajulikana, mali zake zinaonekana, na watu wengi huingia na kutoka humo kila siku kwa shughuli za kazi.

Suala hili haliwahusu matajiri peke yao. Nyuma ya kila lango kubwa wapo mlinzi, dereva, mpishi, mtunza bustani na mlezi wa watoto. Uhalifu unapotokea, hao ndio wanaokutana nao kwanza, na mara nyingi hao hao ndio wanaoshukiwa kwanza. Kwa hiyo tathmini ya usalama iliyofanywa vizuri humlinda mwenye nyumba pamoja na mwananchi wa kawaida anayejipatia riziki nyumbani humo. Makala haya yanaeleza tathmini hiyo ni nini, huanzia wapi na huzingatia mambo gani.

Tishio na kihatarishi

Watu wengi hutumia maneno haya mawili kwa maana moja, lakini yana tofauti. Tishio ni mtu au jambo linaloweza kuleta madhara, kama vile mwizi, mtekaji au moto. Kihatarishi ni matokeo ya kukutana kwa mambo matatu: tishio lenyewe, mwanya unaoliruhusu lipenye, na uzito wa madhara yatakayofuata. Mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa vihatarishi, ISO 31000, uliohuishwa mwaka 2018, unaelekeza kwamba vihatarishi vitambuliwe, vichambuliwe, vipimwe uzito na ndipo vishughulikiwe, huku ufuatiliaji ukiendelea wakati wote.

Mfano mmoja unatosha kuonesha umuhimu wa kupima. Wizi wa mafuta ya jenereta unaweza kutokea mara kadhaa kwa mwaka, na hasara yake ikalipika. Kutekwa kwa mtoto huenda kusitokee kamwe, lakini kukitokea hakuna fedha inayoweza kurudisha kilichopotea. Familia inayoangalia wingi wa matukio pekee itaweka kufuli kubwa kwenye stoo ya mafuta, na kuliacha gari la shule likipita njia ileile, saa ileile, siku zote. Tathmini huzuia kosa hilo kwa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: jambo hili lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litatuachia nini?

Taarifa ndiyo ufunguo wa kwanza

Matukio yaliyotikisa dunia yanaonesha kwamba wahalifu wanaozilenga familia za aina hii huanza kwa kukusanya taarifa kabla ya kuugusa ukuta.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba, 2016, watu waliojifanya askari polisi waliingia katika makazi ya kifahari jijini Paris, Ufaransa, alikofikia Kim Kardashian, mtu mashuhuri wa Marekani. Walipora vito vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 10 za Marekani. Vito hivyo vilikuwa vimeoneshwa hadharani katika mitandao ya kijamii, na mlinzi wake alikuwa ameondoka kumsindikiza ndugu yake. Mfanyakazi wa mapokezi alitishiwa kwa bastola na kulazimishwa kuwaongoza wahalifu hadi chumbani. Mwezi Mei 2025, mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu 8.

Desemba 2019, jijini London, nyumba ya Tamara Ecclestone iliyopo Kensington Palace Gardens ilivunjwa saa chache baada ya familia kuondoka kwenda likizo. Mali za takriban pauni milioni 25 za Uingereza zilichukuliwa. Mtaa huo una balozi za nchi mbalimbali na vizuizi vya ulinzi, lakini ulinzi wa mtaa haukuziba pengo lililoachwa na safari ya wenye nyumba. Watu watatu walihukumiwa vifungo mwezi Novemba 2021.

Hapa nchini, alfajiri ya tarehe 11 Oktoba, 2018, mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa na watu wenye silaha katika hoteli moja eneo la Oysterbay, Dar es Salaam, alikokwenda kufanya mazoezi bila kuwa na mlinzi. Familia yake ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni moja kwa atakayetoa taarifa za kuwezesha kupatikana kwake. Alipatikana akiwa hai tarehe 20 Oktoba katika viwanja vya Gymkhana. Tukio hilo halikutokea nyumbani, na hapo ndipo lilipo funzo lake. Tathmini inayoishia kwenye lango haijakamilika, kwa sababu ratiba ya mtu humfuata popote aendapo.

Hivyo, hatua ya kwanza ya mtathmini ni kuorodhesha yale ambayo mtu wa nje anaweza kuyajua bila kuvuka uzio: picha zinazowekwa mtandaoni, tarehe za safari, shule ya watoto, saa za ibada na mazoezi, na magari yanayotumika. Picha za likizo zinaweza kusubiri hadi familia irejee. Njia na saa za kutoka zinaweza kubadilishwa. Hatua hizo ni miongoni mwa zile zenye gharama ndogo kuliko zote, na ndizo zinazosahaulika zaidi.

Kugundua, kuchelewesha na kuitikia

Hatua ya pili huhusu jengo na eneo lake. Wataalamu hulitazama eneo kwa tabaka, kuanzia barabarani, uzio, uwanja, kuta za nyumba, hadi vyumba vya kulala. Katika kila tabaka huuliza mambo matatu: je, mvamizi atagundulika, atacheleweshwa kwa muda gani, na msaada utafika baada ya muda gani?

Kanuni yake ni nyepesi lakini hupuuzwa. Muda wa kuchelewesha, ukihesabiwa tangu mvamizi alipogundulika, sharti uzidi muda wa msaada kufika. Tuchukulie kwamba mlango wa ndani unaweza kuhimili kwa dakika 4, na msaada hufika baada ya dakika 15. Kengele ikilia mlango unapoanza kuvunjwa, msaada utakuta nyumba imekwisha kuporwa. Kengele hiyo ikiwekwa kwenye uzio, na kukawa na vizuizi vingine kati ya uzio na chumba cha usalama, hesabu hubadilika. Kamera isiyotazamwa na mtu hurekodi tukio, haizuii. Mlinzi asiye na mawasiliano ni shahidi tu, kama atasalimika.

Ukuta mrefu nao una sura mbili. Huzuia asiye na dhamira kubwa, lakini humficha aliyekwisha kuuruka asionekane na majirani wala askari wa doria. Miti iliyopandwa karibu na uzio hugeuka ngazi, na taa inayomulika macho ya mlinzi badala ya kumulika uwanja humsaidia mvamizi. Kwa sababu hiyo tathmini hufanyika mchana na kurudiwa usiku, na mtathmini hulizunguka eneo kwa nje kabla ya kuingia ndani.

Ipo pia hatari inayotokana na ulinzi wenyewe. Nondo za madirisha zisizofunguka kwa ndani zinaweza kuigeuza nyumba kuwa mtego moto unapozuka. Ni muhimu angalau dirisha moja katika kila eneo la kulala liwe na nondo zinazofunguka haraka kwa ndani, na kila anayelala humo ajue namna ya kulifungua. Vyumba vya wafanyakazi wa nyumbani vihusishwe katika utaratibu huo. Lango nalo liweze kufunguka kwa mkono umeme unapokatika, na liruhusu gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupita.

Watu wa ndani

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo una ukweli wake, lakini unapogeuzwa kuwa mbinu ya upelelezi huweza kuleta dhuluma. Historia inatoa onyo.

Usiku wa tarehe 1 Machi, 1932, mtoto wa rubani mashuhuri wa Marekani, Charles Lindbergh, aliyekuwa na umri wa miezi 20, aliibwa chumbani kwake ghorofani, karibu na Hopewell, New Jersey, wakati wazazi na watumishi wakiwa ndani ya nyumba. Nje ilikutwa ngazi ya mbao ya kujitengenezea. Dirisha moja la chumba hicho lilikuwa na vibao vya kufungia vilivyopinda, visivyoweza kukomewa. Kwa kawaida familia hiyo ilikuwa ikikaa huko mwishoni mwa wiki tu. Safari hiyo iliendelea kubaki hadi Jumanne kwa sababu mtoto alikuwa na mafua.

Mabadiliko hayo ya ratiba yaliwaelekeza wapelelezi kwa watumishi. Mtumishi mmoja wa kike katika nyumba ya bibi wa mtoto huyo alijiua mwezi Juni mwaka huo, baada ya kuelezwa kwamba angehojiwa tena. Baadaye ilithibitika kwamba hakuhusika. Mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha kupatikana tarehe 12 Mei. Aliyetiwa hatiani na kunyongwa... si kwa kamba bali kwa kiti cha umeme mwaka 1936, Bruno Richard Hauptmann, alikuwa seremala, na hakuwa mfanyakazi wa familia hiyo. Ubao uliopinda, ambao fundi angeweza kuutengeneza kwa siku moja, haukurekebishwa, na maswali yote yakamwangukia mtumishi.

Tathmini nzuri huwatazama wafanyakazi kama sehemu ya ulinzi. Kabla ya kuajiri, mwajiri hujiridhisha na utambulisho wa mwombaji kwa Kitambulisho cha Taifa, wadhamini na barua ya Serikali ya Mtaa au Kijiji. Baada ya kuajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi. Mshahara unaolipwa kwa wakati na heshima ya kila siku ni sehemu ya usalama. Mlinzi aliyekesha njaa getini, bila kibanda wala redio ya mawasiliano, hawezi kudaiwa uaminifu ambao mwajiri mwenyewe hajaugharamia.

Aidha, kila mfanyakazi apewe taarifa zinazohusu kazi yake tu. Mpishi hahitaji kujua namba ya siri ya kasiki, na asiyejua hawezi kulazimishwa kuitaja. Wote wafundishwe neno la dharura watakalolitumia kwenye simu wanapotishwa, na waelezwe wazi kwamba hawatakiwi kupambana na mtu mwenye silaha kwa ajili ya kuokoa mali.

Sheria na mipaka yake

Ulinzi wa nyumba moja haupaswi kuvunja haki za nyumba ya jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inalinda taarifa za mtu, na picha inayomtambulisha mtu ni miongoni mwa taarifa hizo. Kamera zielekezwe kwenye eneo la mwenye nyumba na si kwenye dirisha la jirani. Zisiwekwe katika vyumba vya kulala wala maliwato ya wafanyakazi, na watu wajulishwe kwamba zipo. Silaha za moto, kwa upande wake, humilikiwa kwa leseni chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015. Mtathmini anapaswa kuangalia si leseni pekee bali pia mahali silaha inapohifadhiwa na nani anaweza kuifikia, hasa watoto.

Kabla ya kumkabidhi mtu ramani ya nyumba na ratiba ya familia, mwenye nyumba ajiridhishe kuhusu kampuni au mtaalamu huyo. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2016 ya kusimamia ulinzi binafsi inazitaka kampuni za ulinzi kusajiliwa na mamlaka maalumu. Hapa nchini, hatua ya busara ni kuwasiliana na kituo cha Polisi cha eneo husika na Polisi Kata, wanaofahamu mwenendo wa uhalifu wa mahali hapo.

Lini irudiwe

Tathmini si cheti cha kutundikwa ukutani. Inafaa kurudiwa kila mwaka, na pia kila linapotokea badiliko: ujenzi, mfanyakazi kuacha kazi, mgogoro wa kibiashara au wa mirathi, mtoto kuhamia shule nyingine, au jina la familia kutajwa sana katika vyombo vya habari. Ripoti yenyewe ihifadhiwe kwa siri, kwa kuwa ikimfikia mhalifu humwonesha kila mwanya.

Kanuni hizi hazihitaji jumba la kifahari ili zitumike. Mwananchi mwenye nyumba ya vyumba viwili anaweza leo jioni kukagua komeo la dirisha, kujaribu kufungua nondo kwa ndani, kujua jina la Polisi Kata wake, na kukubaliana na jirani namna ya kuitana usiku. Kwa dharura ya uhalifu, wananchi wanaweza kupiga simu Polisi kwa namba 112, na kwa moto au uokoaji, namba 114.