Sanduku la kufuli tatu

Sanduku lenyewe halina la kutazamwa. Ni la bati, limetengenezwa na fundi wa hapo hapo gulioni, na ukubwa wake unatosha kusukumwa uvunguni mwa kitanda. Ajabu yake ni kufuli tatu. Anayelitunza nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti hana, katibu hana. Funguo wanazo wanachama watatu wa kawaida, kila mmoja wake, na siku ya kikao ufunguo mmoja ukikosekana hakuna shilingi inayoingia wala kutoka.

Hivyo ndivyo vinavyoendeshwa vikundi vya kuweka na kukopa vilivyotapakaa vijijini kwetu Tanzania, wengine wakiviita vikoba, wengine hisa. Mjini huzungumzwa kwa mzaha, kana kwamba ni mchezo wa kina mama wa kununuliana vyombo na kushona sare za harusi. Mzaha huo ni wa watu wenye akaunti benki. Mkulima wa alizeti aliye mbali na tawi la benki, asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara, mlango wake wa mkopo ni mmoja: mkopeshaji wa kausha damu, anayekuja na karani Jumatatu na kuchukua godoro Ijumaa.

Tazama kikao kinavyokwenda. Wanachama, mara nyingi kati ya 15 na 30, wanakaa kwa namba zao. Mwenyekiti anaagiza, "Washika funguo, fungueni," na sanduku linafunguliwa mbele ya macho yote. Namba moja anaitwa, anakuja na pesa yake, wahesabu fedha wawili wanaihesabu kwa sauti. Anaruhusiwa kununua hisa moja hadi tano, basi. Kila hisa inagongewa mhuri katika kijitabu chake, na nafasi zilizobaki tupu kwenye mstari huo zinapigwa kistari ili usiku asitokee mtu wa kuzijaza. Aliyechelewa analipa faini. Aliyepokea simu katikati ya kikao analipa pia, na hapo hata mzee wa msikiti au wa kanisa haachwi.

Kabla ya kufunga, kiasi kilichomo kinatangazwa na kila mtu anatakiwa akikariri. Kikao kijacho kinaanza kwa swali hilo hilo: tuliacha kiasi gani? Wanajibu kwa pamoja. Nadhani hiki ndicho kipande chenye akili kuliko vyote, kwa sababu kinampa asiyejua kusoma nguvu ileile ya katibu. Daftari linaweza kuchezewa na mwenye kalamu. Vichwa ishirini na tano ni kazi nyingine.

Pesa nazo si za kubeza. Chukua kikundi cha watu 25, hisa moja Sh2,000, na kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki. Hiyo ni Sh150,000 kila kikao. Kwa vikao 50 ni Sh7.5 milioni, kabla hujaongeza faini na riba. Mwanachama hukopa kwa kawaida hadi mara tatu ya akiba yake, ananunua mbolea au analipa ada, anarejesha kwa miezi michache. Riba anayotozwa haiendi kwa tajiri wa mjini, inarudi sandukuni, na mwisho wa mzunguko kila mmoja anaondoka na akiba yake na sehemu yake ya faida. Pembeni kuna mfuko wa jamii, pesa ndogo isiyo na riba, ya msiba na ugonjwa. Ukiwauliza wengi kilichowaingiza, hawatakutajia mtaji. Watakutajia huo mfuko.

Utaratibu huu haukubuniwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Kihausa katika vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo mahesabu yote yalishikwa kichwani. Afrika Mashariki tulikuwa na upatu tangu zamani, na majirani zetu Wakenya wana vyama vyao, lakini upatu hauna mahali pa kulaza pesa: zamu yako ikifika unachukua zote, na mwanao akiugua kabla ya zamu, subiri. Sanduku liliziba pengo hilo.

Zanzibar lilifika kwa njia ya msituni. Watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja, waliishi kwa kuni, mkaa na fito, huku kima punju wakishuka kula mazao yao. Kuwaambia waache msitu bila kuwapa cha kushika ni kuwaambia walale njaa kwa ajili ya kima. Mradi wa hifadhi ambao CARE iliuendesha pamoja na serikali ukaongeza kazi ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mradi ukafika mwisho, kama miradi yote. Hapa ndipo mahali ambapo kwa kawaida hadithi hukatika: bango linabaki barabarani, ofisi inakuwa banda la mbuzi. Watafiti waliorudi kutazama miaka michache baadaye walikuta idadi ya vikundi imeongezeka zaidi ya mara tatu. Wenyeji waliokwishafunzwa walikuwa wakiwafunza wengine, na kikundi kipya ndicho kilichomlipa mwalimu wake. Jozani yenyewe, pamoja na ghuba ya Chwaka, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004.

Kwa nini vilidumu? Jibu langu ni fupi. Ndani ya sanduku hapakuwa na pesa ya mtu wa nje. Mfadhili alileta bati, vijitabu na mafunzo, hakuleta mtaji, kwa hiyo alipoondoka hakuondoka na kitu.

Nchi hii ilikwishaona jambo la aina hii kwa ukubwa zaidi, na mwisho wake haukuwa wa kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League, Ntimbanjayo Millinga akiwa mbele yao, walianzisha kijiji cha Litowa huko Songea. Walilima pamoja, wakagawana kwa makubaliano yao wenyewe, wakajenga shule inayofundisha maisha ya kijijini badala ya kuwatoa watoto kijijini. Wengine wakawafuata. Vijiji zaidi ya kumi vikaungana katika Ruvuma Development Association, vikawa na mashine ya kusaga nafaka na miradi mingine inayomilikiwa na wanakijiji. Mwalimu Nyerere aliwapenda na kuwatembelea. Mikutano yao ilikuwa mirefu, watu walibishana, na uamuzi uliotoka hapo ulikuwa wao.

Viongozi wa mkoa hawakufurahishwa na wanakijiji wenye msimamo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku jumuiya hiyo na mali zake zikachukuliwa. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, kwenda kuishi kijamaa kwa amri. Tulifuta kijiji kilichojitolea, tukaunda maelfu ya vijiji vilivyolazimishwa. Sijui kama kuna kosa la sera lililotugharimu zaidi vijijini.

Ninalikumbusha hilo kwa sababu serikali imekuwa tena na mapenzi makubwa na vikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka katika daraja la nne, na usajili wake unapitia halmashauri. Usajili hauna ubaya wake, maana kikundi chenye cheti kinaweza kumfikisha mwizi mahakamani. Sheria nyingine inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema kabisa. Lakini Aprili 2023 serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mamilioni yaliyokwenda kwa vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Imerejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Haikupasa kushangaza. Ukitangaza kwamba kuna pesa kwa ajili ya vikundi, vikundi vitatokea. Watu watano watakutana chini ya mwembe, wataandika katiba ya kunakili, watachagua mwenyekiti, na baada ya pesa kuingia hawataonana tena. Kikundi cha namna hiyo hakikuwahi kuhesabu shilingi yake mbele ya macho ya jirani. Dawa rahisi, ambayo halmashauri yoyote inaweza kuitumia bila kusubiri waraka, ni kuomba vijitabu: mwaka mzima wa mihuri, faini na vistari. Vitu hivyo haviwezi kutungwa kwa usiku mmoja.

Vikundi vyenyewe tusivipambe mno, hata hivyo. Mwaka 2017 Dean Karlan na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa vikundi hivi katika Ghana, Malawi na Uganda. Biashara za kaya ziliimarika kiasi, wanawake walipata usemi zaidi nyumbani, huduma za fedha ziliwafikia wengi. Matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda. Kikoba kinamwezesha mtu kupita mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, bila kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Hakijengi barabara wala hakipandishi bei ya pamba.

Na kuna watu ambao hakiwagusi kabisa. Wanachama huchaguana wenyewe, na mtu hamchagui atakayeshindwa kurejesha. Mjane anayeishi kwa vibarua, kijana asiyeona, mama wa kifugaji ambaye ng'ombe wote ni wa mumewe na kambi inahama na mvua: hao hubaki nje bila mtu yeyote kuwafukuza. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imejaribu kuwafikia kwa kuunda vikundi vya akiba miongoni mwa walengwa wenyewe, wakinunua hisa kutokana na ruzuku ndogo wanayopokea. Hisa ya kule huweza kuwa mia chache, na ndiyo maana wanaimudu.

Bei ya hisa ndiyo siasa yote ya kikundi. Hupangwa upya kila baada ya mgao, mzunguko mpya unapoanza. Wenye maduka wanataka ipande, kwa kuwa hisa kubwa huzaa mkopo mkubwa. Anayeuza maandazi hatasimama mbele ya watu kusema elfu tano imemshinda. Atanyamaza, na mzunguko ujao hayupo. Siku ya mgao hualikwa diwani na afisa maendeleo ya jamii, mbuzi akachinjwa, picha zikapigwa. Kikao cha kupanga bei ya hisa hufanyika wiki moja au mbili baadaye, na afisa yule angefanya kazi ya maana zaidi kama angehudhuria hicho.