Michai yafanana kwa macho, yatofautiana kwa jeni

MKULIMA wa Kericho au Bomet anayenunua miche ya chai leo huwachagulia hata wajukuu wake. Mchai ukitunzwa vyema huchumwa kwa miongo mingi, na aina iliyopandwa huchangia pakubwa kuamua kilo atakazopeleka kiwandani, ubora wa majani na uwezo wa shamba kustahimili kiangazi.

Kwa mbali, mashamba ya kaunti hizo mbili huonekana kama zulia moja la kijani. Hata hivyo, mimea hiyo ina asili tofauti. Mchai wa Kichina una majani madogo na magumu, nao huvumilia baridi. Ule wa Assam, nchini India, una majani mapana na mazao mengi. Kundi la tatu, lenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, lina sifa zilizo kati ya hayo mawili. Makundi haya huzaana kwa urahisi, ndiyo maana michai mingi ya Kenya ni machotara.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, na makampuni makubwa yakaanza kilimo chake Kericho katikati ya miaka ya 1920. Wakati huo ilipandwa kwa mbegu. Kwa kuwa ua la mchai huhitaji chavua ya mchai mwingine, kila mbegu huwa na wazazi wawili na kila mche huwa wa pekee. Katika mashamba ya zamani, michai miwili iliyo jirani huweza kutofautiana kwa rangi, ukubwa wa jani na mazao.

Baadaye ukaenea mtindo wa kukuza miche kutokana na kipande cha tawi chenye jani moja. Mche wa namna hiyo hurithi jeni zote za mama yake. Watafiti walichagua michai bora na kuizidisha: TRFK 6/8 ikasifika kwa ubora wa chai yake, AHP S15/10 kwa wingi wa mazao, na SFS 150, iliyotoka Malawi, kwa kustahimili ukame. Mwaka 2011 ilitolewa TRFK 306, yenye majani ya zambarau yatokanayo na kemikali iitwayo anthosianini. Majani hayo hutengenezwa kando na yale ya kijani, hivyo anayeipanda hana budi kujua kwanza ni kiwanda kipi kitakachoyapokea.

Macho pekee hayatoshi kutambua tofauti hizi. Mwaka 1995, Francis Wachira na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA wa aina 38 za chai. Uchunguzi huo uliweza kuzitenga zote, zikiwemo zile zisizotofautishika kwa umbo. Aidha, asilimia 70 ya tofauti za jeni ilipatikana ndani ya makundi yenyewe, wala si baina yao.

Hapo ndipo penye hatari. Shamba lenye aina moja tu ni mchai mmoja uliorudiwa mara maelfu. Ukame, baridi kali au ugonjwa ukiushinda mmoja, huenda ukaishinda yote. Mkulima anayeng'oa michai ya mbegu ili apande aina moja yenye kilo nyingi huongeza mapato, lakini hupunguza kinga yake.

Mbegu za chai hazihifadhiki kwa muda mrefu zikiwa kavu; akiba ya jeni hutunzwa ikiwa hai shambani. Kazi hiyo hufanywa Timbilil, Kericho, na taasisi ya utafiti wa chai iliyojumuishwa katika shirika la KALRO mwaka 2014.

Kwa mwenye ekari moja au mbili, njia iliyo salama ni kupanda aina mbili au tatu, kila moja katika sehemu yake, zikiwemo zinazovumilia ukame. Kiangazi kikiipiga moja, nyingine itabaki na majani ya kuchuma.