Mvinyo mtamu wa kunywa melini: utaujuaje kabla ya kuufungua?

Msikilizaji wetu mmoja wa Kibimba, mjumbe wa kamati ya harusi, ametutumia ujumbe mfupi wenye swali ambalo hatukulitarajia. Msafara wao unakwenda Mwanza, lakini utapitia Bukoba kwanza kuwachukua ndugu wa upande wa mama, kisha wote watapanda meli ya usiku. Kamati imetenga fedha kidogo za mvinyo wa kuburudika njiani, hasa kwa ajili ya bibi wawili wa ukoo ambao bia hawaigusi. Safari iliyopita alinunua chupa sita. Bibi wakaonja, wakakunja uso, na chupa zikazunguka melini hadi asubuhi bila mwenyewe. Sasa anataka kujua: mvinyo mtamu unatambulikaje ukiwa bado dukani, haujafunguliwa?

Tumeona tulijibu kwa kirefu. Fedha zenyewe ni za michango ya watu, na mwekahazina akikosea mara mbili atasikia maneno. Zaidi ya hapo, kati ya vinywaji vyote vyenye kilevi, mvinyo mtamu ndio unaodanganya kwa urahisi zaidi, na ziwani si mahali pa kudanganywa.

Tuanze na rubisi

Kwa mtu wa Ngara au Biharamulo jambo hili halihitaji profesa. Ndizi za pombe zikishaivishwa na kukamuliwa kwa nyasi, juisi yake ni tamu kiasi kwamba hata mtoto anapewa. Ukiitia unga wa mtama uliokaangwa na kuifunika, kesho yake utamu umepungua na kichwa kinaanza kusikia. Keshokutwa imekuwa kali. Ikiachwa zaidi inakuwa chachu kama siki, haina mnywaji.

Ule utamu haukuchotwa na mtu. Umeliwa. Chachu, yaani vile viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na hewa ya kaboni ile inayopandisha povu. Kila kilevi kinapoongezeka, sukari imepungua.

Mvinyo wa zabibu unafuata njia hiyo hiyo. Chachu ikiachwa imalize kazi yake, karibu sukari yote inageuka kilevi, na mvinyo unaobaki wataalamu wanauita mkavu. Ukavu huo hauna uhusiano na maji, maana yake ni kwamba hauna sukari. Kwa maelezo aliyotupa mjumbe wetu, ndio huo aliowapelekea bibi zake. Haukuwa umeharibika wala muuzaji hakumwibia. Alinunua mvinyo mkavu akidhani kila mvinyo ni mtamu kama ule anaousikia kwenye hadithi.

Ili mvinyo ubaki mtamu, mtengenezaji lazima afanye jambo. Njia ya kwanza ni kuisimamisha chachu mapema, kwa kuupoza sana mvinyo na kuuchuja, sukari ikiwa bado ipo. Mvinyo wa namna hii huwa na kilevi kidogo, mara nyingi asilimia 7 hadi 10. Njia ya pili ni kumwaga pombe kali ndani ya pipa wakati chachu ingali inakula. Chachu inakufa, sukari inabaki, na kilevi kinapanda. Mvinyo maarufu wa Port wa Ureno hutengenezwa hivyo, na kilevi chake ni kama asilimia 20. Njia ya tatu ni kurudisha juisi tamu au sukari kwenye mvinyo uliokwisha kuiva.

Kwa hiyo mnunuzi asome namba moja tu, ile ya asilimia ya kilevi, na tayari amejua mengi. Chupa iliyoandikwa kuwa ni tamu na ina asilimia 8, chachu yake ilisimamishwa mapema. Iliyoandikwa ni tamu na ina asilimia 18, imetiwa pombe kali. Ulimi hauwezi kuona tofauti hiyo haraka, kwa sababu sukari inafunika ukali. Miguu ndiyo inayoiona, unaposimama.

Maneno ya kwenye lebo

Lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza, hata za mvinyo wetu wa Dodoma, kwa hiyo inafaa kukariri maneno matatu. "Dry" ni mkavu. Kama unanunulia watu waliozoea soda, uache. "Semi-sweet" ni utamu wa kati. "Sweet" ni mtamu, na "natural sweet", ambayo utaiona sana kwenye mvinyo wa Afrika Kusini, ni mtamu ambao kwa kawaida una kilevi kidogo. Kwa kanuni za Ulaya, mvinyo hauruhusiwi kuitwa mtamu kama hauna angalau gramu 45 za sukari kwa lita. Ukilinganisha, lita moja ya soda ya kola ina zaidi ya gramu 100. Kwa hiyo hata mvinyo mtamu unaweza kuwa na nusu tu ya utamu wa soda, na bibi aambiwe hivyo mapema asitegemee sharubati.

Rangi isikudanganye. Wengi wanaamini mwekundu ndio mtamu na mweupe ndio mchachu. Si kweli, rangi nyekundu inatoka kwenye maganda ya zabibu, utamu unatoka kwenye sukari iliyobaki. Kuna mwekundu mkavu unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana, na kuna mweupe mtamu kama asali. Ukikuta neno Muscat kwenye mvinyo mtamu, hiyo ni aina ya zabibu yenye harufu ya maua, na kwa mtu anayeanza huwa inapendeza.

Zabibu za hapa nyumbani zinatoka Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana walizipanda miaka ya 1950, na sasa zinalimwa hadi Hombolo na Makutupora. Hali ya hewa ya kule inamruhusu mkulima kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hana. Dodoma inatoa mvinyo mkavu na mtamu, kwa hiyo jina la Dodoma peke yake halikuambii utamu, soma lebo. Upo pia mvinyo wa ndizi unaotengenezwa viwandani Arusha, ambao ni ndugu wa rubisi aliyesoma shule: umechujwa, umefungwa kwenye chupa, na haubadiliki kila siku.

Neno lenyewe nalo lilikuja kwa meli. Mvinyo tumeupata kutoka kwa Wareno, ambao huuita vinho. Divai, jina tunalolisikia zaidi kanisani, lina asili ya Kifaransa.

Mvinyo na meli ni marafiki wa zamani

Miaka ya 1700, meli za Ulaya zilizopita katika nchi za joto zilibeba mapipa ya mvinyo kutoka kisiwa cha Madeira. Mvinyo wa kawaida uliharibika njiani kwa joto na mtikisiko. Ule wa Madeira, uliokuwa umetiwa pombe kali, ulivumilia, na mapipa yaliyorudi bila kuuzwa yalionekana kuwa na ladha nzuri kuliko yalivyoondoka. Watu wakaanza kulipia zaidi mvinyo uliosafiri. Mpaka leo Madeira hupashwa joto makusudi ili kupata ladha ile.

Hilo linatuhusu, kwa sababu chupa itakayotoka Ngara itakaa kwenye buti la basi, jua kali, hadi Bukoba. Mvinyo wa asilimia 18 utavumilia. Ule wa asilimia 8 unataka uangalizi: usiuweke juu ya injini wala dirishani. Wenye mapovu, ule unaorusha kizibo, uacheni kabisa. Joto na mtikisiko vikikutana ndani ya chupa, mtaosha nguo za harusi. Chagueni chupa za kifuniko cha kuzungusha, maana tumeona wanaume watano wakihangaika na kizibo cha gome kwa kisu na msumari, na hakuna aliyekumbuka kubeba kizibuo.

Jambo lisilo la utani ni mvinyo bandia. Maji, sukari, rangi na gongo vikichanganywa vinaweza kupewa lebo nzuri, na utamu ndio unaoficha. Gongo iliyokosewa inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Nunueni duka linalojulikana, lenye risiti. Kagua kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, tafuta alama ya TBS kwa bidhaa za hapa nchini, na stempu ya kodi ya TRA. Stempu hizo za kielektroniki zilianza kubandikwa kwenye mvinyo mwaka 2019, na mwenye simu janja anaweza kuihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Na mtu akikuuzia kinywaji kwenye kipakiti cha plastiki, kumbuka viroba vilipigwa marufuku tangu Machi 2017.

Mkishapanda

Meli ya New Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, inachukua abiria wapatao 1,200, na safari ya Bukoba hadi Mwanza hukata usiku kucha. Ulizeni ofisi ya tiketi kama vinywaji vya kutoka nje vinaruhusiwa kabla hamjabeba kreti zima.

Kilevi kinavuruga kiungo cha ndani ya sikio kinachotunza mizani ya mwili, na mawimbi yanavuruga hicho hicho. Ndiyo maana mtu aliyekunywa kiasi kile kile kijijini bila shida anatapika melini. Aliyemeza dawa ya kuzuia kichefuchefu asinywe, atalala asiamke akiitwa. Upepo wa ziwani usiku ni baridi, na mvinyo utakufanya uhisi joto huku mwili ukipoteza joto lake kupitia ngozi, kwa hiyo beba sweta. Kabla ya glasi ya kwanza, kila mmoja aonyeshwe jaketi okozi zilipo. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama na zaidi ya watu 800 hawakufika Mwanza, na kuna nyumba ambazo mpaka leo hazisafiri kwa meli.

Kwa hesabu, chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina kilevi cha bia tatu na nusu hivi za nusu lita. Yenye asilimia 18 inazidi bia tano. Ule wa asilimia 8 umiminwe glasi tano kwa chupa, ule wa 18 glasi kumi ndogo. Bibi mwenye kisukari, au anayetumia dawa za presha, amuulize mhudumu wa afya kabla ya safari, na mjamzito asinywe wowote. Baridi mtaipata bila friji: zungushieni chupa kitambaa kilicholowa na muiweke inapopitiwa na upepo.

Kama tungepewa sisi zile fedha za kamati, tungenunua chupa nne za "natural sweet" zenye asilimia 8 au karibu na hapo, na moja tu ya asilimia 18 ya kumalizia chakula. Zilizobaki tungenunulia soda, kwa sababu bibi mmoja kati ya wawili atabadili mawazo.

Mjumbe wetu aliuliza pia kama anaweza kubeba rubisi ya nyumbani badala yake. Inawezekana, lakini chachu haijafa, itaendelea kula sukari njia nzima na kutoa hewa. Dumu likifungwa kabisa litavimba, na likipasuka litapasukia kwenye mizigo ya watu. Acheni kifuniko kimelegea, dumu lisimame wima, na mjue kwamba iliyotoka Kibimba tamu itafika Mwanza ikiwa kali.