Mtani Aliyevaa Koti la Marehemu

Wafiwa wamekaa mikekani, macho yamewavimba. Mara anatokea mama mtu mzima, kavaa koti la marehemu. Kofia kaipachika upande kama alivyozoea mwenyewe; mkono mmoja mgongoni, hatua fupi fupi za mtu mwenye goti bovu. Anakohoa kikohozi chake, kile kikavu. Anamwinamia mjane: "Mke wangu, chai iko wapi? Au ndiyo umeshanichoka?" Nilidhani patachimbika. Mjane akaangua kicheko, machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaomba maji ya kunywa.

Marehemu alikuwa Mngoni, mama yule ni Mhehe. Babu zao walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Utani wao, wazee husimulia, ulitokana na vita hivyo. Wazaramo na Wanyamwezi wao walianza kutaniana enzi za misafara ya kwenda pwani.

Nilimkuta mama yule baadaye akisugua masufuria ya msibani. Kulia na mfiwa, alisema, hata jirani wa jana anaweza. "Ndugu ana uchungu, tena ana urithi anaouwazia. Mimi pale sina changu. Ndiyo maana naweza kumgusa maiti na kumsema." Makaburini, vijana wa kwao walikalia udongo na kuficha makoleo mpaka kaka wa marehemu alipotoa pesa. Pesa hizo zilinunua sukari ya matanga.

Na deni lilikuwepo. Mume wa mama huyo alipofariki, huyu huyu Mngoni alifika na mabuti ya mume huyo miguuni, akapita jikoni akilalamikia chumvi. Anaposimulia hayo sauti inamkatika, kisha anacheka. Urafiki wa kiwango hicho, wa kuaminiana hadi kwenye maiti, sijauona katika marafiki tunaochaguana wenyewe.

Lakini mjukuu wa marehemu, binti wa sekondari, alimfuata mama yule na kumuuliza kwa nini anamdhihaki babu. Mama akamweleza kwa upole. Binti hakuridhika, nami siwezi kumlaumu: asiyelelewa katika utani husikia matusi tu. Watoto wa mama huyo nao wamezaliwa mjini, na hawajawahi kumtania Mngoni yeyote.

Nilimuuliza ni nani atakayevaa nguo zake siku yake ikifika. Alifikiri, akanitajia Wangoni wawili. Wote wamemzidi umri.