Una Ball na Kugeuka Kitandani Usiku Imekuwa Noma? Jaribu Hivi

Saa nane usiku. Ploti nzima imenyamaza, na wewe umelalia upande mmoja mpaka nyonga inachoma. Unataka kugeuka. Unajipanga, unatupa mguu, halafu maumivu yanakukata pale mbele kwenye kinena, unabaki hapo hapo ukishika ukuta. Kando yako baba mtoto anakoroma kama posho mill.

Kama hiyo ndio story yako, mresh, wewe si mvivu. Mimba huja na homoni zinazolegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, na tumbo nalo linavuta uzito mbele. So vile viungo, kimoja mbele na viwili nyuma juu ya makalio, vinachezacheza kuliko kawaida. Karibu mama mjamzito 1 kati ya 5 hupitia hii kitu. Utajijua: kupanda ngazi ni shida, kushuka mat ni shida, kuvaa trao ukiwa umesimama na mguu mmoja ndio usiseme.

Umeona zinafanana wapi? Mguu mmoja unaenda peke yake. Na hapo ndipo wengi hukosea kitandani: goti moja linatangulia, mwili unaburutwa nyuma yake.

Fanya hivi. Kunja magoti yote mawili, weka mto katikati, ubane kidogo. Vuta pumzi. Ukianza kuitoa, angalia unakoenda, halafu mabega, nyonga na magoti yaende pamoja, mara moja, kama gogo linabingirika. Mkono wa juu usukume godoro ama ushike ukingo wa kitanda. Usibane pumzi, maana ukiibana mwili wote unakaza. Kama tumbo limekuwa kubwa sana na hii inagoma, inuka upige magoti na mikono, ugeukie hapo, halafu ujishushe upande ule mwingine polepole. Si kitu ya kupiga picha, lakini inasaidia.

Pia angalia vitu unalalia. Blanketi ya manyoya na pajama za manyoya zinashikana kama velcro, unageuka nguo inabaki. Vaa night dress ya satin, Gikomba ziko za bei poa, ama tandika kitambaa cha satin pale nyonga inakaa. Lakini usiweke satin juu na chini, maze, utajipata sakafuni. Na godoro likiwa limebonyea katikati, kila ukigeuka ni kama unapanda mlima. Hamia mahali halijabonyea, hata kama hiyo ni side ya mzee. Yeye ahame.

Ukitaka kuenda choo, na tunajua utaenda mara nne, usikurupuke kukaa wima kutoka mgongoni. Geuka upande kwanza, shusha miguu yote miwili pamoja, halafu ujisukume na mikono.

Sasa hii ni serious. Kuanzia wiki ya 28, anza usingizi ukiwa upande, kushoto ama kulia, zote ni sawa. Utafiti umeonyesha kwamba kuanza usingizi ukiwa chali wakati huo huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni, kwa sababu tumbo linakandamiza mishipa mikubwa ya damu. Ukiamka ujipate chali, usipanic, geuka tu uendelee kudoz. Mto nyuma ya mgongo unakuzuia kurudi huko.

Maumivu yakizidi, ambia nesi wa kliniki, na uulize kama unaweza kuona physio. Usinunue dawa ya maumivu kwa kemisti bila kuuliza, zingine hazifai mimba. Na kama mtoto amepunguza kucheza, unatoka damu, maji yanavuja, au katikati ya miguu kumekufa ganzi, hiyo si story ya mito. Enda hosi usiku huo huo, usingoje kupambazuke.

Baba mtoto, kama unasoma hii kwa simu yake: usimvute mkono, na usimvute mguu. Weka kiganja kimoja begani na kingine nyongani, ngoja aseme "sasa", msukume polepole. Halafu mletee mto wako, wewe utalalia koti.