Shata: Mapazia Mawili Yanayofukuzana

Je, wajua kwamba mpira wa miguu unaweza kutoka pichani umelala upande kama embe, na kamera iliyoupiga ikawa nzima kabisa?

Swali hilo naletewa mara kwa mara pembeni mwa Uwanja wa Kambarage, hapa Shinyanga. Kijana ananionyesha picha ya faulo aliyopiga kwa kamera yake mpya: ukuta wa mabeki umetulia, majani ya uwanja yanahesabika, lakini mpira umepinda. Anataka kujua kama aiuze, anunue yenye megapikseli nyingi zaidi. Namwambia asiuze. Ajifunze kwanza shata.

Wengi wakisikia shata hudhani ni kitufe cha kubonyeza. Kitufe ni sawa na kubisha hodi. Mlango wenyewe uko ndani, mbele ya sensa. Katika kamera nyingi za kubadilisha lenzi, mlango huo ni mapazia mawili ya vipande vyembamba. La kwanza linakimbia likiifunua sensa, la pili linafuata likiifunika. Ukiweka spidi ya 1/60, la kwanza linamaliza safari, sensa inabaki wazi yote kwa kitambo, ndipo la pili linaondoka.

Lakini mapazia hayo yana mwisho wa mbio zao. Kuvuka sensa yenye kimo cha milimita 24 huyachukua karibu 1/250 ya sekunde. Sasa 1/2000 hupatikanaje? Pazia la pili halisubiri lenzake lifike. Linaondoka huku la kwanza bado liko njiani, na kati yao unabaki upenyo wa milimita 3 hivi, unaopita ukiimwagia sensa mwanga mstari baada ya mstari. Hakuna wakati ambao sensa nzima imeuona uwanja kwa pamoja. Picha ya shuti ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za nyakati tofauti. Ndiyo sababu pia mpiga picha wa harusi akiwasha flashi kwa 1/1000 bila kuandaa vifaa vyake, sehemu kubwa ya bibi harusi humezwa na giza: flashi imewaka mara moja, na upenyo ulikuwa wazi sehemu moja tu.

Turudi kwenye embe letu. Mpira wenye kasi ya kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kwa sekunde, na upana wake ni sentimita 22. Ukiupiga kwa 1/60, utasogea sentimita 46 shata ikiwa wazi, nawe utapata ukungu mweupe. Kwa 1/1000 unasogea chini ya sentimita 3. Kwa 1/2000, sentimita moja na nusu tu, na hapo hata mishono yake inaonekana.

Kijana wangu alikuwa ameweka hiyo 1/2000, ila alichagua shata ya kielektroniki kwa sababu haina kelele. Hapo mapazia hayakimbii. Sensa inasomwa safu kwa safu, kama simu janja zinavyofanya. Baadhi ya kamera humaliza kusoma picha nzima kwa 1/20 ya sekunde. Mpira uliochukua sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha utasogea sentimita 14 tangu safu yake ya juu isomwe hadi ya chini. Lazima upinde! Mapazia ya kawaida, katika kipande hicho hicho, yangeuacha usogee kama sentimita moja. Kwa hiyo uwanjani rudisha shata ya mapazia na uvumilie kelele zake. Kamera zenye sensa inayosoma kila nukta kwa pamoja zimeanza kuuzwa, lakini bei yake ni ya ng'ombe wengi.

Ajabu hii ni ya zamani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya gari la mashindano huku akiizungusha kamera kulifuata. Upenyo wa shata ulipita polepole, gurudumu likatoka limeinama upande mmoja na watazamaji wameinama upande mwingine. Leo picha hiyo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani kuhusu mwendo kasi.

Shata, hata iwe nyepesi kiasi gani, haimsaidii anayechelewa. Tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze hupita karibu sehemu moja ya tano ya sekunde, na mpira wetu umeshakwenda mita tano na nusu, nusu ya njia ya penalti. Ukiliona bao ndipo ubonyeze, umelikosa. Tazama mguu usiopiga: ukikanyaga chini kando ya mpira, bonyeza.

Linaloniuma zaidi ni vumbi na uzembe. Kiangazi cha huku, viwanja vya mchangani hugeuka wingu, nasi tunabadilisha lenzi katikati ya wingu hilo. Mkoa huu ulirudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, na miti kwa maelfu ya hekta kupitia HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1986. Sioni kwa nini viwanja vya mitaa yetu vikose hata mstari mmoja wa miti ya kuzuia vumbi. Na shata ikichoka, baada ya mibonyezo laki moja, mbili au zaidi, hubadilishwa. Kuitupa kamera kwa ajili ya shata ni kutupa baiskeli kwa sababu ya mnyororo.

Picha nazo tunazitupa. Stand United, timu ya hapa iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. George Mpole wa Geita Gold alikuwa mfungaji bora wa ligi hiyo msimu wa 2021/22 kwa mabao 17. Picha ngapi za siku hizo zimelala kwenye simu zilizovunjika kioo? Maktaba zetu za mikoa zingeweza kuzihifadhi zikiwa na tarehe na majina.

Matumizi mengine ya shata ya kasi ni mengi: majembe ya ngoma ya Bugobogobo yakiwa hewani, mashindano ya Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vya Wasukuma, mbio za baiskeli, korongo wakiruka, maji yakimwagika ndooni, watoto wakiruka kamba. Kwa baiskeli, jaribu pia spidi ndogo ya 1/60 huku ukimfuata mwendeshaji kwa lenzi: yeye atatulia, barabara itakimbia.