Waya za Miezi 20, Bima ya Siku Moja

Meno hayanyooshwi kwa haraka. Vibandiko vidogo vya chuma hugandishwa juu ya jino mojamoja, waya mwembamba hupitishwa juu yake na kufungwa kwa vipira vidogo, kisha kazi inaachiwa mwili. Mfupa wa taya humomonyoka polepole upande ambao mzizi wa jino unasukumiwa, na kujengeka upya upande unaoachwa. Kila baada ya wiki 4 hadi 6 mgonjwa hurudi, waya hubadilishwa kwa mwingine mnene kidogo, na safari inaendelea kwa miezi 18, 20, wakati mwingine zaidi ya 24. Bima ya afya imejengwa juu ya siku moja: mgonjwa ameingia, ametibiwa, ametoka, ankara imeandikwa. Biashara ya kunyoosha meno katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya inakwama hapo hapo. Haikwami kwenye kiti cha daktari, inakwama kwenye meza ya mapokezi, ambako matibabu ya karibu miaka miwili yanalazimishwa kuingia katika fomu ya siku moja. Na hakuna skana ya meno, hata ya bei gani, itakayoitatua shida ya fomu.

Soko lenyewe lipo. Nchi ya chai ina kitu ambacho kaunti nyingi za mashambani hazina: watu wengi wanaopokea malipo kila mwezi. Kuna walimu na wafanyakazi wa serikali za kaunti. Kuna makarani na wasimamizi wa mashamba makubwa yaliyokuwa ya James Finlay na Unilever, ambayo sasa yako mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kuna wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya shirika la chai la KTDA vya Kapkatet, Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga. Kung'oa na kuziba jino si tatizo kubwa. Kuna hospitali za rufaa za Kericho na Longisa, kuna za misheni kama Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, na kliniki za binafsi mijini. Mtaalamu wa kunyoosha meno ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu 1974, lakini wanaoendelea hadi ubingwa huu ni wachache, na wengi wao hubaki Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kericho au Bomet. Ajabu ya dunia ni kwamba vizazi vichache nyuma, katika nchi hii hii, meno mawili ya mbele ya chini yaling'olewa kwa makusudi, kwa desturi ya Wakalenjin, na pengo likawa fahari. Leo pengo hilo hilo ndilo mzazi analolipia lizibwe.

Upungufu wa wataalamu ndio unaoipa teknolojia mvuto wake. Zamani mgonjwa aling'ata sahani iliyojaa ute mzito, akajizuia kutapika kwa dakika kadhaa, kisha chapa ikamiminiwa plasta na kuwa sanamu ya meno iliyobebwa Nairobi ndani ya boksi. Siku hizi fimbo yenye kamera, yaani skana, hupitishwa mdomoni na umbo la meno likajengeka kwenye skrini, na faili hiyo inaweza kumfikia mtaalamu wa Nairobi kabla mgonjwa hajafika steji ya matatu. Kuna pia vifuniko vya plastiki vinavyopitisha mwanga, vinavyobadilishwa kila wiki moja au mbili badala ya waya, biashara iliyoanzishwa na kampuni ya Align Technology huko Marekani mwaka 1997. Lakini kila kifaa huja na ndugu zake. Mashine ya eksirei inahitaji leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Picha za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka huo huo. Umeme nao una desturi zake: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa saa nyingi, na mwenye kliniki yeyote anajua kwamba bei ya skana haijakamilika mpaka iongezwe bei ya betri au jenereta. Hata hivyo haya ni matatizo yenye dawa. Jenereta hununuliwa, leseni huombwa.

Tuangalie meza ya mapokezi. Mama ameleta binti wa miaka 13. Karani anachukua kadi ya bima, anaiingiza kwenye kisomaji, anaomba kidole cha mama. Mashine inakataa. Kidole kinapanguswa, kinajaribiwa tena, kinabadilishwa. Mtu anayechuma chai kwa mikono hukata chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada siku nzima, na utomvu wa jani humwachia weusi usiotoka kwa sabuni. Mistari ya ngozi ya watu wa kazi za mikono huchakaa, jambo ambalo waunda mashine za alama za vidole wanalijua vyema kote duniani. Kidole kikikubaliwa, linakuja suala la idhini. Ombi linatumwa, karani anasubiri, simu inapigwa, anaambiwa picha haijaonekana, anaituma upya. Ndani ya chumba cha pili kuna faili inayoonyesha kila jino kwa vipimo vya sehemu ya milimita. Hapa nje kuna karatasi inayopigwa picha kwa simu ili iambatishwe kwenye barua pepe. Mashine mbili za karne moja zinaishi nyumba moja na hazisalimiani.

Na idhini hiyo ikija, huwa ya nini? Mikataba mingi ya bima za binafsi nchini Kenya hutenga kiasi kidogo cha meno kwa mwaka, kisha ikaandika wazi kwamba kunyoosha meno hakumo, labda kama taya limevunjika katika ajali. Kinachobaki ni vipande vya pembeni: eksirei, kusafisha, kung'oa jino linalobana mengine. Hata vipande hivyo hukatwa na kalenda. Kikomo huisha mwaka ukiisha, waya hauishi. Mwajiri akibadilisha kampuni ya bima katikati ya safari, kampuni mpya humwona mgonjwa kama mtu aliyekuja na tatizo la zamani. Walimu wanalijua hilo: baada ya miaka mingi chini ya mpango ulioendeshwa na kampuni ya Minet, walihamishiwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mwishoni mwa 2025. Kwa mwenye kuziba jino, mabadiliko hayo ni kubadilisha kadi. Kwa mwenye mtoto aliye mwezi wa tisa wa waya ni kuanza barua upya.

Upande wa umma una historia ya pekee hapa. Ni mjini Kericho, Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2023, ndipo Rais William Ruto alipozindua mpango wa afya kwa wote, siku moja baada ya kutia saini sheria zilizouunda. SHA ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango wa mwenye mshahara, ambao ulikuwa na kikomo cha shilingi 1,700 kwa mwezi, ukawa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo. Asiye na mshahara hulipa si chini ya 300 kwa mwezi. Mwalimu mkuu au meneja wa kiwanda anayelipa zaidi ya alivyozoea anaona ni haki yake kuuliza meno ya mwanawe yako wapi katika hesabu hiyo. Hayamo, na sidhani yatakuwamo karibuni. NHIF iliondoka ikiziachia hospitali madeni ya mabilioni, hata Machi 2025 Rais akaagiza wanaodai shilingi milioni 10 au chini walipwe kikamilifu na wengine wahakikiwe kwanza. Mfuko unaohangaika na figo, saratani na uzazi hautaanza kununua waya.

Wapo watakaosema vyema usinunue. Meno ya kupinda hayaui; huo ni urembo, na haifai mchumaji wa chai achangie tabasamu la mtoto wa meneja. Hoja hii ina uzito na haistahili kupuuzwa. Ila inachanganya vitu viwili. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, mwenye jino la chonge lililokwama ndani ya mfupa na kula mizizi ya jirani zake, mwenye meno ya chini yanayotoboa ufizi wa juu kila anapofunga mdomo: hao hawatafuti urembo. Mstari kati yao na mwenye mwanya mdogo unaweza kuchorwa, na umekwisha kuchorwa. Uingereza hutumia kipimo cha ngazi 1 hadi 5 kilichotungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mfumo wake wa afya wa umma hugharimia watoto wa ngazi za juu, 4 na 5, pamoja na baadhi ya wale wa 3. Wengine hujilipia. Bima ya Kenya ingeweza kuazima kipimo hicho bila kuongeza senti kwa walio chini ya mstari. Kukataa wote kwa neno moja ni rahisi zaidi kwa karani wa madai, lakini urahisi wa karani si sera.

Pingamizi la pili ni wizi, na hapa makampuni yana sababu ya kuwa na macho makali. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa vya afya kwa tuhuma za madai ya uongo kwa SHA. Bima za binafsi nazo zina hadithi zao za kadi moja iliyotibu ukoo mzima. Basi alama za vidole, idhini, karatasi juu ya karatasi. Lakini ukitaka tiba ambayo ni vigumu kuighushi, ni hii. Jino lililong'olewa juzi halina ushahidi zaidi ya pengo, na mapengo hayana tarehe. Waya una picha ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa sita na ya mwisho, na umbo la kinywa cha mtu ni alama ngumu kuazima kuliko kidole. Skana ambayo kliniki imeilipia ingekuwa shahidi bora wa kampuni ya bima, kama kampuni ingekubali kuipokea faili yake na kulipa kwa hatua: sehemu waya ukifungwa, sehemu katikati, sehemu ukitolewa. Kwa sasa inalipa kwa ziara, na ziara ndicho kitu chepesi zaidi kubuni.

Mpaka hilo litokee, fedha za waya zitatoka kwenye majani chai. Mkulima wa KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi kila Oktoba, na kliniki inayojua biashara yake hupanga malipo kwa kalenda hiyo: amana, vipande vya M-Pesa kila ziara, na donge moja bonasi ikiingia. Hesabu hii ina mwiba wake. Vibandiko, waya na skana hununuliwa kwa dola. Chai nayo huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Januari 2024 dola ilipovuka shilingi 160, vifaa vilipanda bei lakini chai ikaleta shilingi nyingi. Dola iliposhuka hadi karibu 130 ndani ya mwaka huo, vifaa vikapoa, na bonasi ya 2025 ikaja ndogo kuliko ya 2024, KTDA ikitaja kuimarika kwa shilingi miongoni mwa sababu. Viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, ambavyo kwa kawaida hulipa chini ya vile vya mashariki, viliumia zaidi. Daktari anayekopesha dhidi ya bonasi amegeuka mfanyabiashara wa chai bila kukusudia, na tena bila dhamana: gari lisilolipiwa hunyang'anywa, lakini meno yaliyosogezwa nusu njia huwezi kuyaacha hapo wala kuyarudisha.

Ndiyo maana mkopeshaji wa haki si kliniki. Kericho ina vyama vya akiba na mikopo vilivyozaliwa na mishahara hii hii: Imarisha, iliyoanza kama SACCO ya walimu wa Kipsigis, na Ndege Chai ya wafanyakazi wa mashamba. Hukata marejesho kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, na karo za shule ni mkate wao wa kila Januari. Mkopo wa meno wa miezi 20 ni mdogo kuliko karo nyingi, unalipwa moja kwa moja kwa kliniki, na haumhitaji mtu yeyote kuweka kidole kwenye mashine kila baada ya wiki sita. Itasemwa kwamba riba itamwongezea mzazi gharama. Kweli, itaongeza. Lakini kliniki inayosubiri malipo ya bima kwa miezi tayari imeiweka riba hiyo ndani ya bei yake, imefichwa, na anailipa hata mzazi aliyekuja na fedha taslimu. Kwa mkulima hesabu ni fupi zaidi: waya ukifungwa Septemba, Oktoba mbili huwa ndani ya ile miezi 20.